Ngano iliyovumilia Januari yaharibiwa na baridi ndogo ya Aprili: jeni zipi zinahusika?

Punje: Wanajukwaa, salaam. Ngano ya majira ya baridi (hupandwa kabla ya baridi kuingia) aina ya Norstar, iliyotolewa nchini Kanada mwaka 1977, huhimili takriban nyuzi −20 za Selsiasi ikiwa imeshazoea baridi. Hata hivyo, ngano ya namna hiyo ikianza kurefusha mashina, saa mbili tu katika nyuzi −4 zaweza kuidhuru. Jeni zake ni zilezile. Uwezo ule huenda wapi?

Mbegu Bora: Hauendi popote, bali huzimwa. Baridi ya Oktoba inapoingia, protini za CBF hujishikiza kwenye sehemu mahususi za DNA na kuwasha jeni za COR, ambazo mazao yake husaidia kulinda utando wa seli. Ulinzi huo unahitajika kwa sababu barafu huanza kuganda katika nafasi zilizo baina ya seli, kisha ikayavuta maji yaliyomo ndani, hivyo sehemu kubwa ya madhara ni ya ukavu. Lakini baridi hiyohiyo, ikidumu kwa wiki kadhaa, huongeza polepole utendaji wa jeni VRN1 inayoandaa mmea kutoa maua, na kadiri VRN1 inavyopanda, ndivyo CBF na COR zinavyofifia.

Shina: Naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Joto la ghafla likija kabla VRN1 haijapanda vya kutosha, mmea hulegeza kinga yake, ila baridi ikirudi waweza kujikaza tena. Likija baadaye, haurudii kiwango chake cha awali. Siku fupi nazo husaidia kuuchelewesha mmea usifike hatua hiyo ya VRN1 kupanda. Ndiyo maana ngano ya masika (ile ipandwayo baridi ikishapita), ambayo VRN1 yake hufanya kazi bila kungoja baridi, huanza kujikinga lakini haidumu.

Punje: Ahsanteni. Basi kwa nini watafiti wasiongeze CBF tu?

Mbegu Bora: Kwa uboreshaji wa mbegu wa kawaida hilo tayari linafanyika kwa namna fulani: katika eneo la Fr-A2, kwenye kromosomu 5A, ngano zinazostahimili sana mara nyingi huwa na nakala nyingi zaidi za CBF14, mojawapo ya jeni zinazotengeneza protini za CBF. Kuilazimisha CBF ifanye kazi wakati wote ni suala jingine, kwani mimea iliyofanyiwa hivyo imekuwa ikidumaa na kuchelewa kutoa maua, na mkulima hupanda ngano apate nafaka. Mimi ningeelekeza juhudi kwenye kuchelewesha VRN1.