Tupeane uzoefu: kurudisha plastiki za misumeno ya mnyororo ya zamani

Fundi wa Jioni: Wakuu, jana nimeushusha msumeno wa marehemu baba uliokaa upenuni miaka mingi. Kifuniko cha juu kilikuwa chekundu kama pilipili. Sasa kimepauka, kina ufa karibu na skrubu ya nyuma, na ukikipitishia kidole kinaacha unga. Aliyewahi kurudisha plastiki ya namna hii atueleze alivyofanya, na hasa alichoharibu.

Msasa Laini: Unga huo ni ngozi ya juu iliyoliwa na jua. Mimi huosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe, kisha husugua kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800. Usiruke kuosha, kwa sababu grisi ikibaki msasa huisindilia kwenye mikwaruzo na rangi haishiki.

Bisibisi: Msasa wa nini? Hewa ya moto hurudisha rangi kwa dakika mbili.

Msasa Laini: Hurudisha kwa muda tu, ndugu yangu. Nilikipinda kifuniko kizima kwa njia hiyo, hata matundu ya skrubu hayakulingana tena.

Mjukuu wa Seremala: Mmenikumbusha usiku ambao sitausahau. Nilipaka kifuniko na mpini mafuta ya kitani yaliyochemshwa, plastiki ikang'aa ajabu, kisha nikalikunja tambara, nikalitupa kwenye ndoo yenye vumbi la mbao chini ya meza, nikaenda kulala. Niliamshwa na moshi. Mafuta hayo yanapokauka huvuta oksijeni na kutoa joto, na tambara likikunjwa joto hilo halina pa kutokea. Tuliuzima moto kwa mchanga, lakini kifuniko nilichokihangaikia wiki tatu kilikuwa kimelegea na kuilalia silinda kama nta. Tandazeni matambara yenu nje yakauke, au yatieni kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Bisibisi: Pole sana, mkuu. Watu nyumbani walisalimika?

Mjukuu wa Seremala: Wote, namshukuru Mungu.

Mnyororo Mkavu: Turudi kwenye ufa. Yeyusha vipande vya plastiki hiyo hiyo kwenye asetoni, upake uji wake.

Kabureta: Ushauri huo utampotosha! Plastiki nyingi za misumeno ni nailoni yenye nyuzi za kioo, na asetoni haiiyeyushi. Nailoni huchomelewa kwa chuma cha moto, ukizamisha kipande cha wavu wa chuma ndani ya ufa na kujazia vifungio vya nyaya, kwani navyo ni nailoni.

Mnyororo Mkavu: Wangu ulikuwa ABS, aina ya plastiki inayoyeyuka kwa asetoni, na umeshika hadi leo.

Kabureta: Basi apime kwanza. Na rangi ya juu iwe ile ya kuchanganya na kigumishi, maana ya kopo la kawaida huvimba petroli ikimwagika. Avae barakoa ya kemikali, apulizie penye hewa.

Fundi wa Jioni: Nimedondosha asetoni upande wa ndani, pamba ikatoka nyekundu na plastiki ikanata kidoleni. Ni ABS. Kesho naanza na uji.