Ulishawahi kuingia nyuma ya pazia? Tupeane uzoefu, watu wa Lubumbashi

MwanaKamalondo
Juzi nilimpeleka mwanangu wa miaka 9 kwenye maigizo ya shuleni kwao. Katikati akanivuta mkono: "Papa, yule mzee anatokea wapi?" Tangu hapo hakuangalia mbele tena, alitaka tu kujua nyuma ya lile shuka la bluu kuna nini. Nikajikumbuka nikiwa na umri wake, nimelala kifudifudi nikichungulia chini ya pazia ili nione viatu vya watu wakipitapita. Viatu tu, na vilinifurahisha kuliko mchezo wenyewe. Mliobahatika kuingia huko nyuma, iwe kwenye maigizo, kiwandani au jikoni, mliona nini?

BintiMukuba
Baba alifanya kazi kwenye kuyeyusha shaba, pale penye ile shemine, bomba refu la moshi, ambayo hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyeijua. Shaba ya kwanza ilitoka pale mwaka 1911. Usiku tuliona anga linakuwa jekundu upande wa terili, kile kilima cha uchafu wa kiwanda, na mama anasema, "Baba yenu anamwaga." Kwetu ilikuwa sherehe.

Nilipofika miaka 12 akanipeleka. Akanieleza kwamba jiwe likiyeyuka uchafu unaelea juu kwa sababu ni mwepesi, mukuba, yaani shaba, unakaa chini, na tunachokiona usiku ni ule uchafu unaomwagwa. (Uchafu huohuo baadaye walirudi kuuchukua kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake.) Lakini mimi nilikuwa namwangalia baba. Wageni wote walikuwa wakishangaa moto, yeye macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa ile ndoo kubwa, vile mama anavyoangalia maziwa yanayokaribia kuchemka. Tangu siku hiyo anga likiwa jekundu nilikuwa sishangilii. Nilikaa macho mpaka nisikie mlango.

Kijana_Katuba
Kabisa, dada. Wa kwangu alikuwa kwenye reli, na ilikuwa vilevile.

MamaNeema
Mimi nawaambia msichungulie. Nimepika miaka 6 kwenye mgahawa wa watu, siutaji. Sombe (kisamvu) ya jana inachanganywa na ya leo, mafuta yanakaangia mpaka yanakuwa meusi. Ukitaka kula kwa amani, kaa mezani.

MkateWaUsiku
Mama, kwa heshima, usituweke wote kwenye chungu kimoja. Natengeneza mkate huku Kenia, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mlango wetu uko wazi saa nane za usiku. Njoo uone.

MamaNeema
Mlango ukiwa wazi ndiyo mnafagia. Siku hakuna anayepita je?

MkateWaUsiku
Siku hakuna anayepita, watoto wangu wanakula mkate uleule.

MzeeWaRadio
Acheni kugombana, turudi kwenye maigizo. Mnawakumbuka kundi la Mufwankolo, na Kiswahili chetu chenyewe redioni na kwenye televisheni? Vijana wengi wanadhani walikariri maneno kutoka kwenye karatasi. Hapana. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo mzima kutokana na msemo mmoja: wakakaa, wakabishana maana yake, wakagawana nafasi, kisha kila mtu akatafuta maneno yake mwenyewe wakiwa wanafanya mazoezi. Halafu wakaenda kuucheza kijijini Kawama mbele ya kamera. Nilipolijua hilo niliwapenda mara mbili.

MvutaKamba
Sikupanga kuandika, ila mmetaja pazia na mkono wangu umeanza kuniwasha.

Nilikuwa na miaka 19, navuta kamba kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Juu ya jukwaa kunaning'inia vitambaa na mbao zilizochorwa, kila kimoja kina kamba yake ya katani, na upande wa pili gunia la mchanga la kulinganisha uzito. Tuliitana kwa mluzi, ndiyo maana mzee wetu alikataza mtu yeyote kupiga mluzi ovyo mle ndani.

Usiku huo kulikuwa na nyumba ya mbao, nzito kama watu wawili. Mchana mwenzangu alikuwa ameazima gunia moja akalifunge kwenye kitambaa kingine, hakulirudisha na hakusema. Nilipofungua kamba kwenye chuma chake, ikaanza kupanda ikinivuta. Nyumba inashuka. Chini yake mama mmoja amepiga magoti, analilia mume wake kwenye mchezo. Na umeme ukakatika.

Nilizungusha kamba mkononi, nikapenyeza mguu chini ya bomba la ukutani, nikalala chini. Ngozi ilikuwa inatoka, nilisikia harufu yake. Watu ukumbini wanacheka na kupiga kelele za giza. Kuita nisingeweza, kwa sababu angeshtuka akasimama. Na yeye aliendelea kulia, neno kwa neno, kwenye giza lile. Nilishikilia sauti yake kama nilivyoshikilia kamba.

Mzee akaja na tochi mdomoni, akafunga kamba. Jenereta ilipowaka, ile nyumba ilikuwa juu ya kichwa chake kwa urefu wa mpini wa jembe. Watu wakapiga makofi.

Wiki tano nilikula bukari (ugali) kwa mkono wa kushoto, na mama aliona haya mbele ya wageni.

Kijana_Katuba
Nimesoma nimesimama.

BintiMukuba
Pole sana, kaka. Huyo aliyetoa gunia walimfanya nini?

MvutaKamba
Hakuna kitu. Alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari, akakaa muda mrefu, akaondoka bila kuongea.

MkateWaUsiku
Vijana wa kazi hizo wavae glavu.

Kijana_Katuba
Glavu ikinaswa na kamba inaondoka na mkono. Bora mikono mitupu.

MamaNeema
Paka mafuta ya mawese kila usiku, kovu litalainika. Na umwambie mzee wenu ahesabu magunia mwenyewe kabla ya kila onyesho.

MzeeWaRadio
Mawese kwa kovu la zamani hivyo? Amwone daktari.

MwanaKamalondo
Yule mama alijua?

MvutaKamba
Hakuna aliyemwambia mbele yangu. Lakini tangu usiku ule, kila mara kabla ya kupanda jukwaani alipita upande wangu, akagusa kamba, ndipo akaenda.

MwanaKamalondo
Mwanangu yuko hapa ubavuni, nimemsomea yote. Anauliza kamba ilikuwa nene kiasi gani.

MvutaKamba
Mwambie achukue kidole gumba chake na chako, aviweke pamoja.