Rimu za chuma au spoti rimu kwa mkonga wa porini?

Mfuga Punda: Wakuu, nina Land Cruiser mkonga wa 2004, rimu za chuma zilezile uliotoka nazo. Nataka kupita nao Mto wa Mbu, Engaresero, mpaka Loliondo. Jamaa ananiuzia spoti rimu (za alumini) nne za mtumba. Nichukue au nibaki na chuma?

Fundi wa Kona: Baki na chuma. Ukigonga jiwe kule Ziwa Natron, chuma kinapinda. Unafungua tairi, unarudisha mdomo wa rimu kwa nyundo, unajaza upepo, safari inaendelea. Alumini inapasuka, na anayejua kuichomelea yuko Arusha. Spoti rimu ni za IST za mjini, za kupigia picha.

Nati Tano: Acha kutisha watu. Magari ya Safari Rally pale Naivasha yanavaa alumini, Dakar vilevile. Wao hawajui mawe?

Fundi wa Kona: Wao wana mafundi wanaowasubiri na rimu mpya. Wewe kule unasubiriwa na nani, fisi?

Kijana wa Sakina: Nani kasema IST ni za mjini? Yangu inavuta mbele na nyuma. Imefika Loliondo mara nyingi tu, nyie na mikonga yenu mnashinda gereji.

Fundi wa Kona: Loliondo ipi? Waso mpaka Sale siku hizi ni lami. Hapo hata bajaji inafika.

Kijana wa Sakina: Na kabla ya Sale nilipaa? Fundi njaa wewe.

Mzee wa Spana: Vijana, mnunuzi anasubiri. Mfuga Punda, kabla ya kutoa hela angalia nati. Za rimu ya chuma zina kichwa cha koni. Spoti rimu nyingi za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukilazimisha za koni, zinalegea njiani, unashangaa tairi lako linakupita.

Babu Dizeli: Achukue za Prado tu, zinaingia. Nati sita kwa sita.

Nati Tano: Sita ni za mikonga ya zamani. Tangu Toyota waibadilishe 1999 ni tano, mbona jina langu linakusaidia. Na hakuna aliyejibu hoja ya uzito. Rimu nyepesi, shokapu zinapumua. Piteni Serengeti, Naabi mpaka Seronera, kwenye yale mawimbi ya barabara mtajua.

Mfuga Punda: Zangu ni tano, nimehesabu. Za jamaa hajanitumia picha.

Fundi wa Kona: Mwenye IST, hebu tuambie kule kwenye mawe ulipitaje na hizo spoti rimu.

Kijana wa Sakina: Nani kakwambia nina spoti rimu? Zangu ni za chuma, zina vifuniko vya plastiki.

Nati Tano: 😂😂 Kumbe mnatukanana mko timu moja!

Fundi wa Kona: Simo timu moja na mtu wa vifuniko vya plastiki. Unavifunga kwa waya au?

Kijana wa Sakina: Kwa zip tai, kama ile bampa yako. Jumamosi njoo Monduli Juu na huo mkonga, tupande kwa njia ya ng'ombe.

Fundi wa Kona: Nakuja. Kamba ya kukuvutia nije nayo mimi au unayo?