Nakuru: mnatuuzia pedali za kunasa zinachomoka tukiwa mlimani, hii tabia iishe!

Wadau naandika nikiwa na hasira na tafadhali mtu asiniambie nitulie. Jumamosi nilikuwa nashuka kutoka Menengai, ile sehemu ya mawe mawe kabla hujaingia msituni vizuri, mara nasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Kuangalia chini, pedali nzima imebaki imenasa kwenye kiatu, ekseli, kile chuma cha katikati, imebaki peke yake kwenye kranki, ule mkono unaoshika pedali. Imechomoka tu hivyo! Nikaanguka na bega, kiwiko kimechubuka vibaya, na nyuma yangu kulikuwa na kijana wa form two tunamfundisha kuendesha, alinikwepa kwa bahati tu.

Hizo pedali zina miezi mitatu. Mitatu! Nilizilipia 6,500, meseji ya M-Pesa bado ninayo kwa simu, kwa duka moja hapa mjini. Siku nanunua nilimuuliza muuzaji swali moja tu, hizi zinafunguliwa wapi nikitaka kutia grisi? Akaniambia hizi ni sealed hazifunguliwi, hizi ni za maisha. Nimezirudisha Jumatatu ananiambia mali ikitoka dukani hairudi halafu eti ni mimi nimeziharibu juu naosha baiskeli na mashine ya presha. Mimi naosha na ndoo na kitambaa, najua presha inasukuma maji ndani ya beringi na kutoa grisi, sijaanza kuendesha jana.

Na hapo ndipo hasira yangu iko hasa. Pedali ambayo haifunguliki huku kwetu haina maisha. Vumbi ya Nakuru mnaijua, hata jina la mji watu husema limetoka kwa neno la Kimaasai la vumbi, na hii ya Menengai ni majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano, inapita kwa kila mwanya. Mvua ikinyesha inakuwa uji ndani ya beringi na huo uji unakula chuma kama msasa. Sasa kama huwezi kufungua ukaosha na mafuta ya taa ukatia grisi mpya, unangoja tu siku ikufie, na haikufii nyumbani, inakufia kwa mteremko.

Jamaa tunayeendesha naye Njoro mpaka Mau Narok ana Shimano M520 mwaka wa sita huu. Sio pedali ya kifahari, ni nzito kidogo, karibu gramu 380 zote mbili, imekwaruzwa mpaka haina rangi. Lakini ndani ni gololi na koni kama habu za magurudumu ya zamani, anafungua mara mbili kwa mwaka, anatia grisi, anakaza koni ule mchezo wa pedali kutikisika unaisha, anaendelea. Shida yake moja ni inataka kile kifaa cha plastiki chenye meno, TL-PD40, na mafundi wengi hapa hawana, wanashika na plaisi wanatafuna ile kola inayoshika ekseli mpaka inaharibika. Za Shimano XT za M8100 afadhali, hizo unafungua na spana 17 ya kawaida, lakini bei utaisikia.

Najua mtu atakuja kunitajia pedali za Crankbrothers. Kwa tope la Mau ni nzuri kweli, zinanasa pande nne na tope halikai, na seti za vipuri vya kurekebisha beringi zipo. Lakini kliti zake, vile vyuma vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedali, ni za shaba, na sisi huku tunashuka kwa baiskeli tunatembea tukiisukuma juu ya mawe nusu ya safari, zinaisha haraka, na kuzipata hapa ni mpaka uagize. Mimi siwezi.

Kitu kingine, nyinyi mnaouza, acheni kuwapa watu wanaoanza kliti yoyote iliyo karibu na mkono. Kliti ya Shimano ya SH51 inaachilia ukipinda kisigino pembeni tu. SH56 inaachilia pande nyingi, hata mtu akishtuka akavuta mguu juu anatoka. Yule kijana wetu alipewa SH51 na springi imekazwa mpaka mwisho, siku ya kwanza akaangukia barabarani pale njia panda ya Njoro mguu bado umenasa, lori likashika breki. Kulegeza ile springi ni alenki ya milimita 3 na dakika moja, muuzaji alishindwa nini?

Na fundi aliyenifungia hizi zangu, pedali ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, KINYUME, yeye akakaza upande wa kawaida kwa nguvu na sasa uzi wa kranki umekwaruzika, nitaenda kununua kranki pia.

NYONGEZA: nimeona mnauliza duka gani kwa DM, sitalitaja, lakini mkienda popote shikeni ekseli mtikise pedali kabla hamjalipa, na muulize inafunguliwa wapi. Akisema haifunguliwi, tokeni.

Sasa nisaidieni, nani ako na TL-PD40 Nakuru au hata Kisumu nije niazime au ninunue? Nimepata M520 za mitumba, mchezo uko kidogo upande mmoja, nataka kuzifungua kabla ya Jumamosi.