Posh na muhuri wa tikiti ya meli: kweli au tunapigwa fiksi?

Mtoa mada:
Wakuu, hili tuliweke sawa. Kila likitajwa neno posh, kile kizungu cha kizamani cha vitu vya kishua, lazima atokee mtu aseme ni kifupi cha "port out, starboard home", eti matajiri wa Uingereza wakienda India na meli za kampuni ya P&O walikata vyumba vya kushoto wakati wa kwenda na vya kulia wakati wa kurudi, wakwepe jua, na tikiti zao zikagongwa muhuri P.O.S.H. Mi naona ni kamba. Tikiti yenye huo muhuri haijawahi kupatikana hata moja.

Mchangiaji 1:
Mkuu usikimbilie kukataa. Meli ikitoka Suez inashuka Bahari ya Shamu, jua la alasiri linapiga mkono wa kulia, ikikata kwenda Bombay jua miezi mingi lipo kusini, kulia tena. AC hakuna. Sasa mwenye hela zake atalala upande gani?

Mtoa mada:
Kivuli sijakataa, nakataa muhuri. Mfereji wa Suez umefunguliwa 1869, hadithi ya tikiti inakuja kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1930, siku zote hizo ilikuwa wapi? Na posh limo kwenye kamusi ya misimu (maneno ya mtaani) ya 1890, maana yake mtanashati, tena pia pesa. 1918 jarida la vichekesho la Uingereza, Punch, lilitoa katuni, kijana wa jeshi la anga katamka posh, mama yake anauliza ndo nini hiyo, dogo anajibu ni neno la mtaani tu la kusema kitu cha kifahari. Meli haikutajwa hata kidogo.

Mchangiaji 2:
Huku Nairobi ushua tunauita ubabi na hakuna mtu ameuliza tikiti 😂

Mchangiaji 3:
Wengine wanasema ni Kiromani, lugha ya Waroma wale wa kuhamahama na mikokoteni Ulaya, posh ni nusu, ikaja nusu peni, ikawa pesa, mwisho mwenye pesa. Hii inaingia akilini kidogo ila nayo haijathibitishwa, msitushushe melini mkatupakia kwenye mkokoteni.

Mchangiaji 1:
Kutopatikana tikiti sio ushahidi bana, karatasi za kusafiria nani anatunza?

Mtoa mada:
Wanatunza mkuu. Tikiti za meli za zama zile zimo makumbusho kibao, mpaka ya Titanic ipo.