Regensburg kwa miguu: tuchukue mwongozaji au tuzunguke wenyewe?

Swali: Habari zenu wadau. Mama anakuja kunitembelea Munich, nataka nimpeleke Regensburg, mji wa kale hapa Ujerumani, siku moja. Kuna haja ya kulipia mwongozaji, au ramani inatosha? Magoti yake yanamsumbua.

Jibu: Lipia, ndugu yangu. Daraja la Mawe la karne ya 12 na kanisa kuu mtaviona wenyewe. Lakini Porta Praetoria, lango la kambi ya Warumi ya mwaka 179, limemezwa na ukuta wa jengo la baadaye. Mtu anapita hapo asijue. Halafu kuna uwanja wa Neupfarrplatz. Mtaa wa Wayahudi ulikuwa pale mpaka walipofukuzwa mwaka 1519, nyumba na sinagogi vikabomolewa. Juu ya uwanja kuna kumbukumbu nyeupe ya msanii Dani Karavan inayofuata msingi wa sinagogi lile, na watu hukaa juu yake wakipumzika. Mabaki ya nyumba zenyewe yako chini ya ardhi, na huko huingii bila mwongozaji. Kwangu mimi, hapo pekee panatosha kulipia.

Jibu: Naongezea Reichssaal, ukumbi ambako bunge la Dola Takatifu la Kirumi (dola la zamani la nchi za Kijerumani, si lile la Warumi wa kale) lilikaa kuanzia 1663 hadi 1806. Nako ni kwa kuongozwa tu. Mama avae viatu bapa, njia nyingi ni za mawe.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitauliza kwanza habari za ngazi za kule chini, ndipo nilipie.