Mnaotengeneza vipuri vya kuboresha rili: mmetuuzia breki kubwa, mkaacha kinachoishikilia kiwe kile kile cha zamani

Wadau, salaam. Leo naandika kwa hasira na sina haja ya kuificha.

Mimi ni fundi wa rili za kuvulia samaki hapa Pwani. Nahudumia boti za kukodisha za Watamu, Kilifi na Mtwapa, na mara moja moja za Shimoni. Mezani kwangu zinazojaa ni Penn Senator, rili za kampuni ya Penn ya Marekani, zile za saizi ya 4/0 na 6/0, za plati nyeusi na za damu ya mzee. Nyingi zina umri mkubwa kuliko mabaharia wanaozitumia, na bado zinaleta jodari na nguru kila msimu. Rili nzuri, ngumu, inafunguka kwa bisibisi na spana moja. Kwa hiyo nikisema vipuri vya kuboresha vinaziua, sisemi kwa kuchukia maendeleo. Nasema kwa sababu mizoga yake ndiyo naletewa mimi.

Nahodha mmoja aliagiza seti kutoka kwa muuzaji wa nje: washa saba za kaboni (pete bapa za breki), gia kubwa ya stenlesi, na shafti yake ya gia. Tangazo liliahidi breki ya kilo 20, yaani uzi hautoki mpaka uvutwe kwa nguvu hiyo. Bei, usafiri na ushuru vikijumlishwa, ilikaribia kununua rili nyingine iliyotumika. Nikafunga kila kitu kama karatasi yao ilivyoelekeza. Jodari alipopiga, breki ikashika vizuri kabisa, halafu ulimi wa kuzuia, kile kipande kinachozuia mkono wa rili usirudi nyuma, ukaruka meno. Mkono wa rili ukarudi nyuma kwa kasi ukampiga baharia. Kidole kilivunjika. Kijana anayekula kwa mikono yake alikaa nyumbani msimu wa jodari ukipita mbele ya macho yake.

Nilipofungua nilikuta hivi: meno yaliyo chini ya shafti yamelala kama nta, ncha ya ulimi imeviringika, na pini inayobeba ulimi imepinda. Tangazo lilidai shafti ni stenlesi ya 17-4 iliyokazwa kwa joto. Sasa, stenlesi ya 17-4 inashika sumaku. Kila mkereza anajua hilo. Nikaweka sumaku pale, haikushika hata kidogo. Walichotuuzia ni stenlesi ya kawaida ya jamii ya 300, laini, inayokerezeka haraka na kwa bei rahisi. Huo ni uongo ulioandikwa kwenye pakiti, na umevunja kidole cha mtu.

Tukawaandikia. Jibu: tulikaza nyota, lile gurudumu la kukazia breki, kupita kiasi. Yaani unatangaza kilo 20, mtu hajafika hata nusu yake, halafu kosa ni la aliyekaza?

Lakini hata chuma kingekuwa cha kweli, ubunifu wenyewe ni mbovu, na hapo ndipo hasira yangu kubwa ilipo. Fuateni nguvu ya samaki inavyopita ndani ya rili. Inatoka kwenye uzi, inazungusha spuli inayoviringishiwa uzi, inaingia kwenye gia ndogo, namba 13 kwa hesabu ya Penn, kisha gia kubwa, namba 5. Ndani ya gia kubwa washa zinateleza huku zimebanwa, na kile zinachokishikilia ni shafti, namba 98. Shafti inazuiwa na meno yake, meno yanazuiwa na ulimi, namba 4, na ulimi umekaa kwenye pini iliyo juu ya kibamba cha ndani, namba 3. Kibamba chenyewe kimefungwa kwa skurubu kwenye plati ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Bakelaiti! Rili hii ilitoka mwaka 1936, enzi ya uzi wa kitani, kabla nailoni haijaingia sokoni. Haikuwahi kukusudiwa ibebe breki ambayo watu wanaitaka leo kwa sababu ya uzi wa kusuka.

Kwa hiyo ukiongeza breki, kila kiungo cha mnyororo huo kinaongezewa mzigo siku hiyo hiyo. Washa za kaboni ukizitoa tatu ukaweka tano, kwa kukaza kule kule breki inapanda kwa karibu theluthi mbili. Ukiweka saba inazidi maradufu. Nani kati yenu aliyeuza washa saba aliuza pia ulimi mgumu zaidi, pini nene zaidi, au ndimi mbili zinazogawana kazi? Wachache sana. Wengi mnauza kile kinachopendeza kwenye picha na kinachompa mteja raha ya kuvuta mzani wa kupimia breki ufukweni.

Na hizo saba mnazipachikaje kwenye nafasi ya washa tatu? Mnapunguza unene wa washa za chuma zinazokaa katikati yake. Washa nyembamba ina masikio membamba, na masikio membamba yanakula mifereji ya gia. Nina gia za shaba hapa ambazo mifereji yake imetafunwa mpaka washa inacheza kushoto kulia, na breki imeanza kushika na kuachia, kushika na kuachia, jambo ambalo ndilo hasa kaboni ililetwa kuliondoa. Tano nene ni bora kuliko saba nyembamba, mara mia. Sitabishana na mtu juu ya hili mpaka alete gia iliyofanya kazi msimu mzima na saba.

Gia za kasi ni balaa jingine lisilosemwa. Umbali kati ya shafti mbili hauwezi kubadilika, umeamuliwa na plati. Ili upate kasi, gia kubwa inapanuliwa na ndogo inapunguzwa. Ukitoka 4:1 (spuli inazunguka mara nne kwa mzunguko mmoja wa mkono) kwenda 5:1, kwa samaki yule yule na breki ile ile kwenye uzi, shafti na ulimi vinabeba robo zaidi. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Kwa nini haipo kwenye karatasi ya maelekezo? Halafu mnauza gia kubwa ya stenlesi peke yake, mteja anaiunganisha na gia ndogo ya zamani ya shaba. Shaba inanyolewa mpaka meno yanachongoka. Gia huuzwa mbili, jozi, zimekatwa kwa pembe moja. Anayeuza moja anajua anachofanya.

Plati na fremu za alumini sitazisema sana. Ni nzuri, kwa kweli ndizo zinazopaswa kuja kwanza, kwa sababu fremu ya Senator ya pete na nguzo hujipinda ikivutwa sana. Ila skurubu za stenlesi ndani ya alumini tupu, baharini kwetu huku, baada ya muda ni unga mweupe na skurubu isiyotoka mpaka itobolewe. Wekeni vishikizo vya kudumu vya uzi wa skurubu ndani ya tundu, au angalau mwambieni mnunuzi apake grisi ya kuzuia chumvi kabla ya kufunga.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Carl Newell wa California alianza kwa kutengeneza vipuri vya rili za Penn: spuli nyepesi, nguzo, vikalio. Aliitazama rili nzima, na mwisho akatengeneza za kwake. Tiburon na Accurate walitoa fremu za kipande kimoja cha alumini kwa rili za watu wengine, yaani walianza na mifupa kabla ya kuongeza misuli. Njia ilishaonyeshwa na watu waliokuwa wakivua wenyewe.

Ninachodai ni kidogo. Andikeni jina halisi la chuma na kimekazwa vipi. Andikeni breki ya juu kabisa kwa mnyororo mzima, ukiwa na ulimi wa kiwandani, siyo kwa washa peke yake. Na mseme imepimwa spuli ikiwa imejaa, kwa sababu uzi ukipungua mpaka kipenyo kibaki nusu, mvuto kwenye uzi unakuwa maradufu bila mtu kugusa nyota. Wekeni vipimo, milimita, wazi, ili fundi wa Kilifi aweze kukagua kwa kalipa kabla ya kuhatarisha mkono wa mtu. Kama sehemu inahitaji nyingine ibadilishwe nayo, ziuzwe pamoja au zisiuzwe.

Kwa upande wangu nimeshawaambia manahodha: sifungi tena washa saba, na sifungi shafti yoyote ambayo haijapita kwenye sumaku yangu. Anayetaka kilo 20 atumie Penn International, zile za dhahabu za breki ya wenzo, zilizoundwa kwa kazi hiyo. Senator ya 6/0 yenye uzi wa ratili 50 inataka breki ya kilo saba na nusu hivi wakati wa kupiga, theluthi ya uwezo wa uzi, na kwa washa tano za kaboni zenye grisi nyembamba inaifikia bila kuugua.

Sasa naomba msaada wa wenzangu. Nimepata mkereza Mombasa aliye tayari kutukerezea shafti na ulimi kwa 17-4 ya kweli, kisha zikazwe kwa joto. Nilizo nazo zote zimelika, siwezi kuziamini kwa vipimo. Mwenye shafti ya 6/0 ya kiwandani isiyotumika, pima upana kati ya pande zake mbili bapa, kipenyo cha tundu la ndani, na urefu wa jino moja la kuzuia, kwa kalipa siyo kwa rula, uweke hapa pamoja na picha. Mwenye ulimi mpya naye apime tundu la pini na unene. Wa Tanga, Mafia na Unguja pia, najua rili hizi mnazo. Nikipata vipimo kutoka kwa watu watatu vinavyokubaliana, mchoro nitauweka humu humu, bure, kila fundi autumie.